Kanga kwenye kamba na mchoro wa hali za maji

Mwaka wa kwanza chuoni niliweza kuchora mchoro wa hali za maji, ule unaoonyesha maji yako katika hali gani kwa kila joto na kanieneo (nguvu ya msukumo kwa kila eneo), hata usingizini: barafu kushoto, maji katikati, mvuke chini kulia, na nukta moja ambapo vyote vitatu hukutana. Kuchora niliweza, kuelewa bado.

Kilichonikwama kooni ni hiki. Mchoro unadai kwamba kwenye nyuzi 25 na kanieneo ya angahewa moja, maji ni kimiminika basi. Sasa mbona kanga nilizoanika asubuhi zimekauka kabla ya adhuhuri? Hazikuchemka, na nukta ya joto na kanieneo hiyo imo ndani kabisa ya eneo la maji. Kumuuliza mhadhiri nikaona haya. Nikamfuata kaka mmoja wa mwaka wa tatu, akacheka.

"Dada, kwenye mchoro huo hewa umeiona wapi?"

Kweli, haimo. Mchoro ni wa maji matupu. Akaniambia nifikirie bomba la sindano lililozibwa, ndani yake maji tu, kidole kinasukuma. Kanieneo inayosomwa kwenye mhimili ni ya msukumo ule. Sukuma kwa angahewa moja, yaani kilopaskali 101, mvuke wote unageuka maji. Legeza hadi kilopaskali 3.2, kwa nyuzi zilezile 25, ndipo mvuke unaanza kujitokeza. Kwenye kamba ya nguo, kanieneo kubwa ni ya naitrojeni na oksijeni. Cha kuangalia ni sehemu ya mvuke peke yake: ikiwa chini ya 3.2, maji yanazidi kuhama kwenye kitambaa. Ikikaribia hapo, kama siku zile za Dar ambazo shati linakugandia mgongoni, nguo zinalala kambani na unyevu wake.

Usiku ule niliuchora upya kwa namba halisi, nikagundua mchoro wa kitabuni haufuati vipimo. Nukta ya kukutana iko nyuzi 0.01 na paskali 611. Mstari unaotenga maji na mvuke unakoma nyuzi 374, angahewa 218 hivi. Ningetumia sentimita moja kwa kila angahewa, karatasi ingekuwa ndefu kuliko mlango wa bweni, na nukta ya kukutana isingefika hata sehemu ya kumi ya milimita juu ya mhimili. Nikahamia skeli ya logi, ambayo kila hatua ni mara kumi ya iliyotangulia. Mkunjo wa mstari ukabaki, ila namba ndogo na kubwa zote zikaonekana, nikausoma kwa raha: kwa kanieneo ya kwetu Njombe, karibu mita 2,000 juu ya bahari, maji yanachemka nyuzi 93 hivi. Bibi alikuwa akiyalaumu maharage bure kwa kuchelewa kuiva.

Mstari wa barafu na maji haukunisumbua tena. Unaegemea kushoto kwa sababu barafu huchukua nafasi kubwa kuliko maji yake, ndiyo maana inaelea. Ukiibana inakimbilia kule kwenye nafasi ndogo. Ila kushusha kiwango cha kuyeyuka kwa nyuzi moja tu kunataka angahewa zaidi ya 130. Kumbe barafu niliyokuwa nabana kwa vidole utotoni iliyeyushwa na joto la mkono.

Mtihani wa mwisho ulileta swali la mstari huo. La kanga halikuja.