Mikanda ya Kilindini, 1942: nilipofikia

Rili ya pili sasa imeingia yote kwenye kompyuta na nimeanza kuichambua fremu kwa fremu. Ni filamu za milimita 16 zilizopigwa na afisa mmoja wa jeshi la majini la Uingereza aliyekuwa Mombasa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Jamaa zake wameniruhusu nizifanyie kazi mradi jina lao lisitajwe. Hazina sauti wala maelezo. Juu ya kopo pameandikwa "Kilindini", bandari ya Mombasa, kwa penseli, basi.

Hali ya mikanda kwanza. Mmoja unanuka siki ukifungua kopo, dalili kwamba asetati, plastiki iliyotengenezewa filamu, imeanza kuoza, na nimeutenga na wenzake kwa sababu mvuke wake huambukiza. Mingine ni Kodachrome, filamu ya rangi ya Kodak, na rangi zake hazijachuja hata kidogo. Rili moja ni futi 100, yaani kama dakika nne kwa mwendo wa fremu 16 kwa sekunde, na bwana huyu alikuwa bahili wa filamu: anapiga sekunde chache, anakata, anahamia kwingine. Kila kipande nalazimika kujiuliza upya niko wapi.

Kazi kubwa mpaka sasa imekuwa kutafuta tarehe. Pembeni mwa filamu ya Kodak huwa kuna alama ndogo za duara, mraba na pembetatu za mwaka ilipotengenezwa, lakini alama hizo zilirudiwa kila baada ya miaka 20. Ya 1942 ni ile ile ya 1922 na 1962. Kodachrome haikuwapo kabla ya 1935, kwa hiyo 1922 imejitoa yenyewe. Ya 1962 imetolewa na manowari iliyotia nanga Kilindini: minara minne ya mizinga, kila mmoja mizinga miwili, na jengo la mbele pana kama ghorofa. Hiyo ni Warspite, meli kuu ya kikosi cha Admirali James Somerville, na mwaka 1947 ilikwama pwani ya Cornwall ikipelekwa kuvunjwa. Kikosi kilihamia Kilindini baada ya ndege za Wajapani kushambulia bandari za Ceylon (Sri Lanka ya leo), Colombo tarehe 5 Aprili 1942 na Trincomalee siku nne baadaye. Mwaka 1943 Warspite ilirudi Ulaya.

Kupata mwezi ilikuwa kazi nyingine. Nilimwonyesha mzee mmoja wa Mji wa Kale, baharia wa zamani wa majahazi, kipande cha Bandari ya Kale. Hakushughulika na manowari hata kidogo.

"Mwanangu, nyinyi mwatazama mizinga. Tazama bandari ilivyo tupu. Mabumu yako wapi?"

Kweli, hakuna hata bumu moja, yaani jahazi kubwa la Ghuba ya Uajemi, ni mashua na matishali tu. Vyombo vya Ghuba vilikuja na kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, kuanzia mwezi wa Desemba, na kusi, upepo wa kutoka kusini, ikishika vilikuwa vimekwisha kuondoka. Nikarudi kwenye vivuli. Mbele ya Ngome ya Yesu, ambayo siku hizo ilikuwa gereza, vivuli ni vifupi na vyote vinaangukia kusini. Kwa Mombasa hilo hutokea adhuhuri kati ya Machi na mwanzo wa Oktoba, jua likiwa upande wa kaskazini. Nimeandika: kusi ya 1942. Kama si mzee yule ningekuwa bado napekua vitabu vya manowari.

Kipande ninachokirudia mara nyingi hakina meli ndani yake. Makuli wanapanda ubao na magunia, na mmoja amekunja gunia tupu akalivaa kichwani kama kofia ya mvua, ncha yake ikimwangukia mgongoni. Akifika katikati ya ubao anageuza shingo, anaikazia macho kamera, na aliye nyuma yake inambidi asimame na mzigo wake. Karani mwenye kanzu anaendelea kuandika bila kuinua uso. Kisha filamu inakatika na tunaletewa maafisa wanakunywa chai sitahani, kwa muda mrefu kuliko inavyostahili. Kwenye daftari langu chai imepata mstari mmoja na makuli ukurasa mzima. Watu wa kazi hii ndio walioisimamisha bandari katika mgomo mkuu wa Januari 1947, na picha zao za rangi za miaka hiyo ni adimu.

Kuna ubishi kidogo juu ya kipande cha askari Waafrika gatini. Rafiki yangu anataka tuandike kwamba ni wale wa Khedive Ismail, meli iliyotoka Kilindini Februari 1944 na kuzamishwa na nyambizi ya Wajapani tarehe 12, wakafa watu karibu 1,300, wakiwemo askari wengi wa mizinga wa Afrika Mashariki. Nimekataa. Kamera inapogeuka, bila kukatwa, inaipita Warspite ile ile. Maelezo yatabaki "askari, Kilindini, 1942", hata kama hayatamtoa mtu machozi.

Sasa imebaki rili ya siki. Imesinyaa, matundu hayakai tena kwenye meno ya mashine yangu, na nikiilazimisha itachanika. Natafuta fundi mwenye skana inayovuta filamu kwa roli laini zisizo na meno. Nairobi nimeelekezwa kwa mmoja, na tumekubaliana kwanza nimpelekee kipande kifupi cha mwanzo, kile kisicho na picha, akijaribu.