Slaidi ya bastola haibaki wazi risasi zikiisha? Angalia gumba

Nalinda ghala la samaki hapa Mwanza. Kwenye mazoezi, risasi ya mwisho ikitoka, slaidi ya bastola (chuma cha juu kinachorudi nyuma kila risasi ikitoka) ilirudi mbele ikafunga badala ya kubaki nyuma. Fundi alilaumu springi ya magazini (kasha la risasi). Nikatoa risasi zote, nikahakikisha chemba (mahali risasi inapokaa tayari kufyatuliwa) ni tupu, nikavuta slaidi juu ya magazini tupu, gumba likiwa mbali: ikabaki wazi. Springi nzima!

Gumba la kulia ndilo lilikandamiza kichuma cha kuzuia slaidi, upande wa kushoto. Sasa kiganja cha kushoto kinajaza nafasi iliyobaki kwenye mpini, gumba lake linaelekea mbele chini ya slaidi, la kulia linalala juu ya shina la gumba la kushoto. Jamani, gumba lisipite nyuma ya slaidi kabisa. Ikirudi inachana ngozi.