Kabla hujafuta doa la bazoka kwenye kadi ya besiboli

Bazoka, jina ambalo watoto wengi wa Tanzania waliupa ubani wowote (chingamu) wa kupuliza, lilikuwa jina la bidhaa ya Topps, kampuni ya Brooklyn iliyoanza kuiuza mwaka 1947. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyowajaza watoto wa Marekani kadi za wachezaji wa besiboli: pakiti ya karatasi ya nta, ndani kadi chache na kipande bapa cha ubani chenye vumbi la sukari. Ndiyo maana boksi la viatu lililokaa darini miaka arobaini likifunguliwa, kinachotangulia ni harufu. Madoa yanafuata. Halafu mtu anachukua kitambaa kibichi, na hapo ndipo kadi inapokufa.

Doa la ubani halikai juu ya kadi. Ubani uligusa kadi moja tu katika pakiti, ukakaa hapo miezi au miaka, na mafuta na sukari yake vikazama kwenye karatasi. Mgongo wa kadi za zamani ni karatasi ngumu ya kijivu au kahawia isiyopakwa chochote, kwa hiyo unanyonya kama ukuta wa udongo. Maji yakiingia, karatasi inavimba, nyuzi zinainuka, na sehemu hiyo haitalala tena. Vipande vikavu vya ubani vilivyobaki juu vitoe kwa ukucha au ncha ya plastiki laini. Doa lenyewe liache.

Nta ni habari nyingine. Pakiti zilifungwa kwa joto, nta ikayeyukia kadi iliyokuwa upande wa mkunjo. Ikiwa iko kwenye uso wenye picha, chukua soksi ya nailoni ya kike, safi na kavu, zungushia kidoleni, usugue kidogokidogo kwa duara ndogo bila kukandamiza. Nta inatoka, mng'ao unabaki. Ikiwa iko mgongoni, imeshanyonywa. Ukisugua utaondoa maandishi.

Madoa hayo yana faida kwa mchunguzi. Kuanzia 1981 kampuni shindani za Fleer na Donruss nazo zilitoa kadi za besiboli, lakini kesi mahakamani ikawaachia Topps haki ya kuuza kadi pamoja na ubani. Kuanzia 1982 Fleer wakaweka stika za timu ndani ya pakiti, Donruss vipande vya picha ya kuunganisha. Basi kadi ya Donruss ya 1985 yenye doa la ubani haikulipata ndani ya pakiti yake. Topps wenyewe waliacha kuweka ubani baada ya 1991.

Kitu kilichoharibu kadi nyingi kuliko ubani ni rababendi. Watoto walifunga kadi timu kwa timu, na mpira ukauma kingo ndefu hadi zikapata pengo kama meno ya msumeno. Kadi ya juu na ya chini ndizo zilizoumia zaidi, kwa hiyo usilihukumu fungu zima kwa kadi unayoiona kwanza. Rababendi iliyogandana na kadi usiivute. Ikate kwa mkasi katikati ya uso, mbali na kingo, acha kipande kilichogandana kikauke kabisa, kitapukutika chenyewe. Zilizobanwa kwenye spoku za baiskeli kwa vibanio vya nguo ili gurudumu lipige kelele kama pikipiki, hizo utazitambua: zimepinda upande mmoja na zina alama ya kibanio. Hazina dawa.

Baada ya hapo chukua rula. Kadi za Topps za 1952 hadi 1956 ni milimita 66.7 kwa 95.3. Kuanzia 1957 zikapunguzwa hadi 63.5 kwa 88.9, na kipimo hicho kinatumika hadi leo. Mashine za kiwandani hazikuwa sahihi kabisa, kwa hiyo tofauti ndogo isikutishe. Kinachotisha ni kadi yenye uso uliochoka, mikunjo na mikwaruzo, huku pembe zake nne ni kali kama zimetoka jana. Hiyo imekatwa kingo ili ionekane mpya. Seti ya Topps ya 1971 ina kingo nyeusi zinazobanduka rangi kirahisi, na kuna watu wanaozipaka kalamu ya wino. Iinamishe chini ya taa: wino wa kalamu hung'aa tofauti na umevuka hadi kwenye ubavu wa karatasi, mahali ambapo kiwanda hakikupaka kitu.

Kwa nakala za kughushi, lenzi ya kukuza mara 10 inatosha. Picha ya kadi halisi imeundwa kwa vidoa vya rangi, lakini jina la mchezaji na mistari kwa kawaida ni wino mzima uliojaa. Aliyeiskani kadi na kuichapa upya amegeuza kila kitu kuwa vidoa, hata herufi. Kwa kadi za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, ongeza tochi ya mwanga wa urujuanimno gizani. Karatasi ikiwaka buluu-nyeupe, ina kemikali za kung'arisha ambazo viwanda vya enzi hizo havikuwa nazo. Njia bora kuliko zote ni ya bei rahisi: nunua kadi moja ya mchezaji asiyejulikana kutoka seti hiyohiyo, uiweke kando kama kipimo chako cha unene, rangi ya mgongo na mwonekano wa wino.

Na tamaa ya kadi namba 311 ya Topps ya 1952, ya nyota wa besiboli Mickey Mantle? Moja iliuzwa dola milioni 12.6 mwezi Agosti 2022. Namba 311 inafungua kundi la mwisho la seti hiyo ya kadi 407, lililotoka msimu wa besiboli ukiwa ukingoni na watoto wakiwa wameshahamia mambo mengine. Makasha yaliyobaki yalikaa ghalani, na Sy Berger, aliyebuni seti hiyo, alisimulia kwamba mwaka 1960 waliyapakia kwenye tishari na kuyamwaga Atlantiki. Boksi la kawaida lina kadi za Topps za 1987, zile 792 zenye kingo za rangi ya mbao, zilizochapishwa kwa wingi mno. Usizipeleke kupimwa daraja; ada ya kadi moja itazidi bei ya fungu. PSA na wenzao, kampuni zinazopima daraja la kadi kwa ada, wapelekee ile uliyokwisha kuipima wewe mwenyewe kwa rula na lenzi.

Kuhifadhi: mfuko laini kwanza, ndipo kava gumu. Kadi tupu ikisukumwa kwenye kava gumu inakwaruzwa na kila punje ya vumbi. Kurasa za albamu zenye mifuko 9 zinafaa kadi za 1957 kuendelea. Za 1952 zitakunjwa pembe humo, tafuta kurasa za mifuko 8. Plastiki iwe polipropilini. Kurasa za zamani za PVC zinatambulika kwa harufu ya pazia jipya la bafuni na utelezi wa mafuta, na mafuta hayo huvuta wino. Albamu ya pete za mviringo hubana kadi za mwanzo; chagua pete za umbo la D.

Utakuta pia kadi za orodha, zenye majina ya kadi za seti, ambazo watoto walitia alama ya vema kila walipopata kadi mpya. Zisizo na alama ni ghali zaidi, na ndicho kinachowafanya watu wachukue raba. Penseli inafutika, lakini mfereji wa ncha yake unabaki na unaonekana kadi ikiinamishwa kwenye taa. Mpimaji ataona mfereji na mng'ao uliopotea, makosa mawili badala ya moja. Iache na vema zake, iwe ya kwanza kwenye albamu.