Namba 412 kwenye karatasi ya baba mdogo

Damu ya mtu ambaye mrija wake wa nyongo umeziba hujitambulisha kabla haijaingia kwenye mashine. Ukishaizungusha kwenye sentrifuji, seramu inayobaki juu, ambayo kwa kawaida ni ya njano hafifu, hutoka imekolea kama maji ya bizari, nasi huifunika chupa kwa foili kwa sababu mwanga huivunja bilirubini, ile rangi ya njano ya nyongo, na kuyashusha majibu. Nimeshika chupa za namna hiyo kwa miaka mingi maabara, lakini mwaka jana karatasi ya majibu niliyoletewa nyumbani ilikuwa ya baba yangu mdogo.

Sehemu ya kwanza ya karatasi ile haikunishangaza. Bilirubini ilikuwa maikromoli 240 kwa lita, ilhali kawaida haizidi 21 hivi, na sehemu yake kubwa ilikuwa ile ambayo ini limekwisha kuichakata ikaweza kuyeyuka majini. Ndiyo iliyoufanya mkojo wake uwe kama chai ya rangi, huku choo kikipauka kwa kukosa nyongo. Alkalini fosfatasi ilikuwa juu sana, na kwa kuwa kimeng'enya hicho hutoka pia kwenye mifupa, kupanda kwa GGT, kimeng'enya kingine cha ini, pamoja nacho ndiko kulikoelekeza kidole kwenye ini na mirija yake.

Chini kabisa palikuwa na kipimo cha alama ya saratani kiitwacho CA 19-9: 412, na pembeni yake kikomo, 37. Aliyemkabidhi karatasi hakumweleza neno. Mwanawe akaitafuta namba hiyo kwenye simu, akakutana na saratani ya kongosho, na hadi magharibi shangazi alikuwa analia na wajomba wanajadili kuuza kiwanja.

Jambo hili linaniuma hadi leo, kwa sababu maelezo yake ni mafupi. Kipimo hicho, kilichotokana na utafiti wa Hilary Koprowski na wenzake huko Philadelphia mwaka 1979, hupima kitu ambacho hata seli za kawaida za mirija ya nyongo hukitengeneza na kukimwaga pamoja na nyongo. Njia ikiziba, kwa jiwe au kwa uvimbe, kitu hicho hujaa na kurudi kwenye damu, na pakiwa na maambukizi kinaweza kupanda hata kufikia maelfu bila saratani yoyote. Kwa hiyo namba iliyopimwa mgonjwa akiwa wa njano haitoshi kumhukumu. Inafaa kurudiwa nyongo ikishafunguliwa na bilirubini ikishashuka. Wala namba ndogo si kinga, kwani wako watu, na miongoni mwa wenye asili ya Afrika si wachache, ambao miili yao haina uwezo wa kuitengeneza CA 19-9 hata wakiwa na saratani.

Lilikuwa jiwe. Alichomwa kwanza vitamini K, kwa kuwa bila nyongo utumbo hauifyonzi vizuri na damu huchelewa kuganda, kisha jiwe likatolewa kwa kamera iliyopitishwa mdomoni. Baada ya wiki sita CA 19-9 ilikuwa 22.

Katikati ya wiki hizo alinipigia simu karibu kila asubuhi, akiuliza kwa nini macho bado ni ya njano ilhali mkojo umeshakuwa mweupe. Nilimweleza kwamba bilirubini ikikaa muda mrefu kwenye damu, sehemu yake hung'ang'ania protini ya albumini, haiwezi kutoka kwa mkojo, na huondoka polepole kadiri albumini yenyewe inavyochakaa, kwa majuma kadhaa. "Basi nitaisubiri," akasema, na kesho yake akapiga tena.