Samsara ya Guerlain: sandali iliyovishwa asumini

Ukiinusa pafyumu ya Samsara dukani kwenye kikaratasi cha kujaribia, ukakitupa baada ya nusu dakika, utatoka na hukumu ya uonevu. Kinachopanda kwanza ni bergamoti, tunda la jamii ya ndimu, na tunda lililoiva, pichi zaidi ya kitu kingine, halafu ua la langilangi linaingia kwa kishindo: tamu, zito, lina mafuta ndani yake. Hapo ndipo wengi husema "hii ya mabibi" na kunyoosha mkono kwenye chupa ya pili. Tia kikaratasi mfukoni, zunguka sokoni, kinuse tena baada ya saa mbili.

Pafyumu hii ilitoka 1989. Mtungaji wake ni Jean-Paul Guerlain, wa familia iliyofungua duka Paris mwaka 1828. Jina ni la Kisanskriti, maana yake mzunguko wa kuzaliwa, kufa na kuzaliwa tena. Chupa ya kwanza, nyekundu ya kuiva, ilichorwa na Robert Granai. Miaka ile manukato ya kike yalikuwa yanashindana kwa kelele: Opium imetoka 1977, Poison 1985, mwanamke akiingia kwenye lifti watu wa ghorofa ya juu wanajua. Samsara nayo ina sauti, ila ni sauti ya kifua, haipigi yowe.

Wafanyabiashara wa manukato waliiweka kwenye kundi la "maua ya mashariki": maua juu, na chini yake vanila, utomvu na mbao tamu. Michael Edwards, ambaye jedwali lake hufuatwa na maduka mengi duniani, aliliacha neno "mashariki" mwaka 2021 na kuliita kundi hilo kaharabu. Kwa mtu wa Unguja au Mombasa neno lenyewe lilikuwa kichekesho kidogo. Udi, ambari, miski na sandali ni vitu vya kabatini kwa bibi, sijui huo umashariki unaanzia wapi.

Tuje kwenye sandali, maana ndiyo nyumba yenyewe; maua ni mapazia. Pafyumu nyingi hupangwa kwa zamu: vitu vyepesi vya jamii ya ndimu huruka ndani ya robo saa, maua hushika saa mbili tatu, na mbao na vanila hubaki mwisho. Ndani ya Samsara sandali ilitiwa kwa kipimo kikubwa kuliko ilivyozoeleka, kwa hiyo haisubiri zamu yake. Ukinusa kwa makini unaisikia tangu dakika ya kwanza, chini ya pichi na langilangi, kama mkeka uliotandikwa kabla wageni hawajafika.

Sandali iliyosifika ni ya Mysore, kusini mwa India. Msandali hushika mizizi ya miti jirani na kuinyonya, na mafuta yake yamo kwenye kiini cha shina na mizizi, ambacho huchukua miongo kukomaa. Ukikata mti mchanga unapata mbao nyeupe isiyo na harufu ya maana. Miti ilikatwa kuliko ilivyopandwa, bei ikapaa, na ndiyo maana hata Samsara ya mwanzo haikutegemea mti peke yake. Ilisaidiwa na sandali ya maabara, Polysantol. Kuzitofautisha kwa pua si kazi ngumu ukishazoea. Sandali ya mti ina kitu cha maziwa yaliyochemshwa, ule utando wa juu, na uchachu mdogo sana kwa nyuma. Ya maabara ni kavu, inang'aa, inafika mbali, na ikizidi inakwaruza pua kama vumbi la randa. Chupa za miaka ya karibuni zinaelemea huku kwenye ukavu. Si kosa la kuziacha, ila anayenunua kwa kumbukumbu ya chupa ya shangazi yake ya 1990 ajue hatapata maziwa yaleyale.

Jambo moja zaidi kuhusu sandali hizi: kuna pua zisizozisikia kabisa. Molekuli zake ni kubwa, na baadhi ya watu huzaliwa bila kuzinasa vizuri. Kama unaona Samsara "imekufa" baada ya saa moja, usiongeze. Muulize mtu mwingine kwanza. Mara nyingi yeye anaisikia kutoka mlangoni.

Na muuzaji akikwambia ana mafuta ya msandali wa hapa kwetu, mti anaouzungumzia ni mwingine, Osyris lanceolata. Una harufu nzuri, lakini haukaribii Mysore kwa ulaini. Kenya ilipiga marufuku kuuvuna kutoka mwituni mwaka 2007, na tangu 2013 biashara yake ya kimataifa kutoka Afrika Mashariki iko chini ya CITES, mkataba wa kudhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Muulize vibali.

Sasa maua. Asumini ya Samsara si ile ya kikuba kilichofungwa jioni. Asumini yetu ya vikuba ni ile ambayo Wachina hutia kwenye chai, ina ubichi, ukiikaribia unasikia jani. Ya manukato ya Kifaransa kwa kawaida ni aina nyingine, ya uvuguvugu zaidi, inaelekea kwenye tunda. Mfano wa karibu ni huu: kikuba kikilala usiku kucha kwenye mto, asubuhi maua yamegeuka rangi ya chai ya rangi, yamelainika, na harufu imeshuka chini, imekuwa nzito, ya mwili. Hiyo ndiyo asumini ya Samsara. Ndani yake mna indoli, kitu ambacho maua meupe hutengeneza yenyewe. Kidogo chake hufanya ua liwe hai. Kikizidi, hasa kwenye joto, kinaelekea kwenye harufu ya dawa ya nondo. Anayelalamika kwamba pafyumu ya asumini "inanuka kabati" anasikia indoli.

Langilangi ni letu zaidi, maana bahari ni ileile. Visiwa vya Ngazija ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa mafuta yake duniani. Mlangilangi ukiachiwa unakuwa mti mrefu, kwa hiyo mashambani hukatwa na kupindwa usizidi kimo cha mchumaji. Maua huchumwa alfajiri, yale yaliyokwisha kugeuka manjano, na kuingizwa kwenye mtambo siku hiyohiyo, maana yakichubuka yanaungua na kuwa meusi. Kilo 50 za maua hutoa kama lita moja ya mafuta, kidogo zaidi au pungufu. Mafuta hukingwa kwa mafungu: yanayotoka mwanzoni ni mepesi na matamu na ndiyo yanayolipwa zaidi, ya mwisho, baada ya saa nyingi za moto, ni mazito na huishia kwenye sabuni. Langilangi la Samsara lina sura ya lile fungu la kwanza: linakaribia ndizi mbivu, lina karafuu kidogo, halina ukali wa dawa. Lakini ni langilangi. Kama huwa linakupa kichwa, robo saa ya kwanza ya Samsara itakupa kichwa.

Waridi, nargisi na mzizi wa airisi zimo pia, kazi yao ni kujaza mianya. Airisi ndiyo inayoleta ule unga wa poda katikati. Chini kabisa ni vanila na tonka, mbegu yenye utamu unaokaribia vanila.

Suala la joto ndilo linalowaharibia wengi. Maelezo mengi ya Samsara yameandikwa na watu wa nchi za baridi, wanaojipulizia mara nne na kuvaa koti juu. Dar es Salaam ya Februari, nyuzi 32 na unyevu wa kuloweka shati, mipulizo minne ni adhabu kwa abiria wenzako. Joto huharakisha kila kitu kuruka: mwanzo unakuwa mfupi na mkali, maua yanakuja yote kwa pamoja, utamu unapanda juu ya jasho. Kipimo cha pwani ni mpulizo mmoja kwa mchana, miwili kwa jioni. Mpulizo mmoja ni kama sehemu ya kumi ya mililita, kwa hiyo chupa ya mililita 50 ina mipulizo kama 500. Mtu wa mpulizo mmoja kwa siku ana chupa ya zaidi ya mwaka. Bei yake ukiigawa hivyo haitishi tena.

Wapi pa kupuliza? Shingoni ndipo mazoea yanapopeleka mkono, na ndipo pabaya zaidi kwa hii: iko chini ya pua yako siku nzima, baada ya dakika kumi pua imechoka, unadhani imeisha, unaongeza. Weka tumboni chini ya nguo, au nyuma ya magoti, ikupandie kidogokidogo unapotembea. Ngozi kavu huimeza; pakaa kwanza mafuta ya mgando yasiyo na harufu, tabaka jembamba, subiri yanywewe. Mafuta ya nazi ya kukamua nyumbani yaache siku hiyo. Nazi na sandali zina umaziwa wa aina moja, zikikutana na vanila unatembea unanukia kashata. Na usisugue viganja vya mikono pamoja baada ya kupuliza: msuguano unaongeza joto na kuharakisha mwanzo kuruka, basi, huna ulichopata.

Kuna aina mbili utakazokutana nazo zaidi, Eau de Toilette na Eau de Parfum. Watu hudhani ya pili ni ileile iliyokolezwa. Kwa pua yangu zimepangwa tofauti: ya kwanza ina hewa zaidi, sandali inasikika kavu na safi, ya pili ina vanila nyingi, imejaa, inafaa chumba chenye kiyoyozi au jioni ya kipupwe. Kwa mchana wa pwani chukua Eau de Toilette bila kufikiri mara mbili.

Kuichanganya na udi kunawezekana, na kukifanywa vizuri ni jambo la kupendeza, ila udi uwe wa vipande vitupu. Udi uliopikwa kwa sukari na marashi una utamu wake, ukikutana na tonka na vanila yote yanakuwa shira. Fukiza nguo kwanza, dakika tano juu ya chetezo zinatosha, makaa yawe yamefifia yasitoe moshi mweusi. Itundike dakika kumi. Kisha nenda chumba kingine, mbali na chetezo, ndipo upulize mara moja kwa ndani ya pindo. Kimiminika kilichomo chupani sehemu kubwa ni spiriti, na ukungu wake karibu na kaa la moto unashika moto. Kwenye hariri na vitambaa vyeupe usipulize kabisa, inaacha doa la manjano ambalo dobi atakurudishia vilevile. Buibui halina shida, na kitambaa hicho huishika Samsara mpaka kesho yake, sandali tupu, maua yote yameshaondoka.

Feki ziko nyingi, na nyingine zina boksi zuri kuliko orijino. Namba ya toleo iliyo chini ya chupa lazima ilingane na ya kwenye boksi. Zisipolingana, weka chini. Puliza hewani: orijino hutoa ukungu mwembamba, feki nyingi hutema matone. Ila kipimo kisichodanganywa ni muda. Kuiga pichi na langilangi ni rahisi na bei yake ni ndogo; anayeghushi huokoa pesa kwenye sandali. Kwa hiyo feki hukuvutia dakika kumi, kisha inaacha sukari na spiriti. Zile za kupimiwa kwa mililita kutoka kwenye chupa kubwa hazijifanyi kuwa chupa ya Guerlain, na nyingine zinanukia vizuri, lakini karibu zote zimeangukia upande wa vanila. Zinunue kwa jina lake, mafuta yaliyofanana.

Chupa za zamani zinazouzwa mkononi zinahitaji uvumilivu. Bergamoti ndiyo hufa kwanza, na mpulizo wa kwanza unaweza kukupiga na harufu ya kiondoa rangi ya kucha. Hilo peke yake si dalili ya kuharibika. Iache kwenye ngozi dakika ishirini. Sandali na vanila hudumu miongo zikiwekwa vizuri. Ikiwa baada ya dakika hizo bado kuna uchachu wa siki, imekwisha.

Maadui wa pafyumu ni mwanga, joto na hewa. Bafuni panakusanya joto na mvuke kila siku, dirishani jua linaichoma ndani ya chupa, na juu ya friji panapata joto la mashine. Kabati la nguo, chini, ndani ya boksi lake. Chupa iliyobakia robo ina hewa nyingi kuliko pafyumu, kwa hiyo hiyo ndiyo ya kuvaa kila siku. Ukiitunza kwa ajili ya harusi ijayo utaikuta imegeuka.