Siku moja na ndoo mbili za gluu, Nyali

Saa 11 na nusu alfajiri niko kwenye feri Likoni, hamri moja mkononi jengine mdomoni, simu inalia. Ni kijana wangu wa kazi, yeye keshavuka zamani. "Fundi, ile nailoni umeiangalia?" Nitaiangaliaje nami niko katikati ya maji yakhe, ningoje.

Kazi yetu ni kubandika sakafu ya mbao juu ya simiti, na nailoni ni ya kuangalia kama hiyo simiti imekauka. Jana jioni kabla ya kutoka nilikata vipande viwili vya nailoni nyeupe ya kuonyesha, kama futi mbili kwa mbili, kimoja nikakibandika kwenye simiti ya ukumbi na kimoja chumba cha kulala, nikaziba tepu pande zote nne hewa isipite, zikalala hivyo usiku kucha.

Saa 1 na nusu tumefika. Ukumbini chini ya nailoni pakavu. Chumbani sasa, matone yamejipanga kama jasho la chupa ya soda na simiti imegeuka rangi. Sikushangaa, maana hicho chumba kilimwagwa skridi mpya, ile simiti ya kusawazisha chini, wiki tatu tu zilizopita, na hesabu yetu sisi mafundi ni kama mwezi mzima wa kukauka kwa kila inchi moja ya unene, tena hiyo ni pale hewa kavu, si hapa kwetu ambapo hata chumvi mezani inalia. Na nailoni kavu nayo si cheti, ndio maana ukumbini nilipitisha mita ya unyevu pia. Nikaamua leo ni ukumbi peke yake, chumba kingoje.

Saa 2 mama mwenye nyumba akatoka, na ndoo. Gluu nyeupe, ile ya maji ya kuungia makochi na makabati, kainunua kwenye hadiwea jana kwa bei nusu ya ile niliyomwandikia. "Fundi, kwani gluu si gluu?" Nikamwambia mama hii ni nzuri sana kwenye kabati, lakini ubao wa mvule ukiulaza juu yake unakunywa yale maji kwa chini, chini kunavimba juu kumebaki vile vile, kingo zinainuka na kila ubao unakuwa kama mfereji mdogo, ukipiga deki maji yanakaa mle mle. Halafu ikishakauka ni ngumu kama jiwe. Mbao za Mombasa hazitulii, kaskazi zinanywea, masika zinavimba, sasa gluu isiyovutika itafanyaje, itaachia tu. Ile ya poliyurethani inabaki kama mpira, inakwenda na mbao. Iko na ya silani ambayo haina harufu kali na mikononi inatoka kwa urahisi, hiyo mimi ndio naipenda zaidi, lakini duka tulilokwenda hawakuwa nayo. Dakika arubaini tumesimama hapo. Mwishowe akasema "haya, lakini ikibanduka nakujua kwako". Tuktuk ikaitwa, ndoo zikarudi dukani, zikaja mbili za poliyurethani za kilo 15.

Kwa nini mbili? Ukumbi ni mita 4 kwa 5, yaani mita mraba 20, na kwa meno ya mwiko wa kupakia gluu yaliyoandikwa kwenye ndoo kila mita mraba inakula kilo moja na robo hivi. Fundi akikwambia ndoo moja itatosha muombe akuonyeshe mwiko wake, utakuta meno yameisha yamekuwa ufizi. Gluu inapakika nyembamba, chini kunabaki na mapengo, na baada ya miezi miwili ukitembea unasikia ko ko ko kama unapiga mlango.

Kuanzia saa 3 na nusu ni magoti tu. Kufagia tena, kupiga kamba ya chaki, glavu, madirisha wazi kwa sababu mvuke wa hii gluu kwa mtu wa pumu ni shida kubwa. Mwiko unaulaza kama nusu ya kusimama, usiulaze chini ukaua matuta ya gluu, na unapaka pale mkono unapofika tu. Ndoo imeandikwa dakika 40 za kulaza ubao kabla gluu haijakauka, mimi nahesabu 25, maana hii gluu inakaushwa na unyevu wa hewani, na unyevu ndio mali yetu sisi watu wa pwani. Ubao unauteremsha, unausukuma ulimi wa pembeni uingie kwenye ubao wa jirani, unagonga kwa nyundo ya mpira. Kila baada ya safu kadhaa nang'oa mmoja makusudi nikatazame mgongo wake, ukiwa umelowa karibu wote tunaendelea. Kwenye kuta tunaacha mwanya wa milimita 12, kabari zinashika. Mbao mbili tatu zilikuwa zimepinda, hizo tumezikalia na mitungi ya maji ya lita 20.

Saa 7 sala, kisha viazi karai na ukwaju chini ya mwembe.

Kurudi tu, nimeanza kupaka tena, mama katuonea huruma katuwashia feni. Mama zima! Kule nilikokuwa nimeshapaka kumefanya ngozi juu, ukigusa haishiki kidole. Ikabidi tukwangue kama mita mraba nzima tukatupe, na kijana katika kukwangua kavua glavu eti zinamteleza. Nikamkimbizia tapentaini na kitambaa, maana ikishakauka kwenye ngozi hiyo haina dawa, unangoja itoke na ngozi yako siku kadhaa, na harusi ya dadake ni Jumamosi.

Saa 10 na nusu safu ya mwisho imelala. Nikafunga mlango wa ukumbi nikaweka kiti mbele, nikamwambia mama mpaka kesho jioni asipite mtu, hata paka.

Saa 3 usiku nishavuka, nishaoga, nala. Simu. "Fundi, samahani baba, rimoti ya TV imebaki dirishani kule ndani, sasa nikivua viatu nikatembea kwa vidole tu?"

Dirisha lipi mama, nikamuuliza. Zungukia nje.