Gitaa la mtumba na kadi za benki zilizokwisha muda

Gitaa langu ni Yamaha F310. Dukani hapa Dar likiwa jipya utaambiwa nusu milioni, wengine zaidi. Mimi nililipata kwa laki moja na nusu hivi, na ukijumlisha nyuzi mpya, msasa na soda za jirani aliyeniazima jiriwa, sijafika laki mbili. Linapiga kwaya kila Jumapili. Mwalimu wetu wa muziki, ambaye lake alilinunua jipya kwa zaidi ya mara mbili ya hela hiyo, ibada ikiwa kubwa huja kuniomba hili langu. Najivunia, na ninaandika kwa sababu ushauri niliopewa kabla ya kulipata ulikuwa mbovu kupita kiasi na bado nausikia ukitolewa kwa wengine.

Kuna ule wa kununua lile gitaa dogo la rangi kali linalouzwa Kariakoo likiwa na begi, mkanda na vipiki, vyote kwa laki na ushee. "Si unajifunza tu, dada?" muuzaji aliniambia. Nililishika nikalipima palepale. Ncha za freti, vile vipande vya chuma vinavyokatiza shingo, zilikwaruza kiganja, na kwenye freti ya 12 kuhesabu kutoka kichwani nyuzi zilikuwa juu kiasi kwamba kodi ya F (noti kadhaa zinazobonyezwa na kulia pamoja) ingekuwa adhabu. Sasa jamani, anayejifunza ndiye anayehitaji gitaa jepesi kubonyeza kuliko mtu mwingine yeyote. Mzoefu anaweza kupambana na gitaa gumu. Anayeanza ataliacha baada ya wiki chache akiamini vidole vyake ndivyo vibovu, na laki yake imeishia juu ya kabati.

Ushauri wa hatari zaidi ulitoka kwa kaka mmoja wa sauti ya nne, tena kwa nia njema kabisa: chukua gitaa la nyuzi za nailoni la bei chee, halafu funga nyuzi za chuma "lilie vizuri". Usithubutu. Seti ya kawaida ya nailoni inavuta kwa nguvu ya kilo 40 hivi. Seti ya chuma ya 12 (namba ya unene wa nyuzi) inavuta kilo 70 na kitu. Magitaa mengi ya nailoni hayana hata ule ufito wa chuma ndani ya shingo, na daraja lake, kile kibao cha tumboni kinachoshika nyuzi, limegandishwa kwa kuvumilia mvuto mdogo. Nimeliona la vijana wa parokia ya jirani lililofanyiwa hivyo: daraja limebanduka na ngozi ya mbao, tumbo limevimba, shingo imepinda. Hakuna fundi aliyelikubali.

Na wapo wanaokataza mtumba moja kwa moja, eti unanunua matatizo ya watu. Hapo ndipo tunapotofautiana kabisa. Gitaa lililokaa miaka kadhaa kwenye joto na unyevu wa Dar na bado shingo imenyooka limeshapimwa na hali ya hewa yenyewe. Jipya bado halijapimwa. Mimi hela yangu nailipia shingo, ubao wa mbele na daraja. Kutu, vumbi, nyuzi zilizokufa, mikwaruzo, nyuzi kuwa juu kidogo, hivyo navifanyia kazi mwenyewe, na ndivyo vinavyowatisha wanunuzi wengine na kushusha bei. Tofauti hiyo ndiyo niliyoiweka mfukoni.

Kulipata nilimwambia kila mtu: kwaya, saluni, wazazi wenzangu shuleni. Mwezi wa 6 na wa 7 ni mzuri, kwa sababu shule za kimataifa zinafunga mwaka na wageni wa Masaki na Msasani wanaohama huuza vitu vyao. Huko niliona magitaa mazuri lakini madalali walishaingia kati, na dalali akishaingia bei inapanda bila gitaa kubadilika. La kwangu lilitoka Tabata, kwa mama mmoja ambaye kijana wake alikwenda kusoma nje.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ndiyo wewe wa gitaa? Karibu, liko hapo juu, mimi silifikii."

Lilikuwa juu ya kabati, limefunikwa khanga. Nyuzi zimeshika kutu hadi zinaacha rangi ya kahawia kwenye vidole, moja imekatika, na vumbi limeingia mpaka kwenye funguo za kukazia. Kijana alishamwambia mama yake asiuze chini ya laki tatu. Nikamwomba ruhusa nilikague kwa utaratibu, akaniletea kiti na kusimama pembeni akiangalia.

Kwanza nililishika kama mtu anayelenga bunduki, jicho moja limefumbwa, nikaangalia shingo kutoka kichwani hadi kwenye mwili. Kwa nuru ya dirishani shingo iliyojipinda kushoto au kulia inajitokeza yenyewe. Hii ilikuwa safi. Nikachukua kipande cha karatasi nikajaribu kukipitisha chini ya daraja kwa nyuma. Kikiingia, gundi imeanza kuachia na uondoke zako. Hakikuingia. Nikawasha tochi ya simu, nikaingiza simu kwenye tundu la sauti huku kamera inarekodi, nikaona ndani kote: mbao za kushikilia zote zimeshika, hakuna unga unga wa dumuzi, ila mayai ya mende tu. Nikagonga mwili kwa ngumi laini kuzunguka pande zote, hakuna kilichotikisika.

Halafu nikatoa kadi. Hii ndiyo mbinu yangu na naipenda kuliko zote. Kadi ya benki, ile bapa isiyo na namba zilizoinuka, ina unene wa milimita 0.76 popote duniani, maana ni kipimo cha kimataifa. Kwa hiyo kadi za zamani zilizokwisha muda ni rula sahihi kabisa, na zinaingia mahali ambapo rula haifiki. Gitaa la nyuzi za chuma likiwa zuri, uzi mnene kwenye freti ya 12 unakaa juu ya freti kwa milimita 2.5 hivi, na mwembamba kama 2. Kadi tatu pamoja ni milimita 2.28. Basi chini ya uzi mnene kadi tatu zipite kwa raha, ya nne ikatae. Kwa lile la Tabata ya nne ilipita.

Usiishie hapo, kwa sababu nyuzi kuwa juu kuna vyanzo viwili vikubwa na gharama zake hazifanani. Bonyeza uzi mnene freti ya 1 kwa mkono mmoja na freti ya 14 kwa mkono mwingine, halafu angalia freti ya 7. Uwazi unaotakiwa pale ni mdogo sana, kama unene wa kadi ya biashara ya karatasi. Kadi ya benki ikipita kwa nafasi, shingo imevutwa mbele. Ufito wa ndani unaweza kuirudisha kwa spana, robo mzunguko kisha unasubiri, lakini kama umekwama utalia. Hapa uwazi ulikuwa mwembamba wa kupendeza. Kwa hiyo shingo ilikuwa nzima na tatizo lilikuwa kwenye kile kijiti cheupe cha darajani ambacho nyuzi hukilalia. Nikakikagua vizuri: kirefu kuliko inavyotakiwa, na kimepasuka upande wa nyuzi nyembamba.

Mwisho nikakaza uzi mmoja uliokuwa na nafuu, nikaugusa freti ya 12 bila kubonyeza ulie ule mlio wa kengele, halafu nikaubonyeza palepale. Programu ya kutyuni kwenye simu ikasoma noti ileile, yaani noti hazipotoki ukibonyeza. Kwa nyuzi zenye kutu ile, hiyo ni habari njema.

Sikumficha mama chochote. Nilimwonyesha ufa wa kijiti, kadi ya nne ikipita, kutu, uzi uliokatika, nikamwambia pia kwamba shingo na mwili ni vizima na jina ni zuri. Nikataja laki na ishirini. Akampigia kijana wake, kijana akataka kuongea na mimi, nikamweleza yale yale. Alikubali haraka kuliko nilivyotarajia. Nadhani hakuna mnunuzi aliyewahi kumtajia freti ya 7. Tukakutana kwenye laki moja na nusu, nikatuma kwa simu palepale, na mama akanipa na ile khanga nilifungie.

Sasa kijiti. Fundi wa kwanza alitaka hela ndefu abadilishe daraja zima, jambo lisilo na maana yoyote, maana daraja ni zima na kijiti kinachomoka kwa koleo. Dukani walikuwa navyo vya plastiki, vifupi kuliko mfereji wa daraja langu. Nikaamua kuchonga cha mfupa, maana mfupa ndio unaotumika kwenye magitaa ya bei mbaya, na buchani kwetu muundi wa ng'ombe ni wa kuomba tu.

Chukua wa buchani, usiwe wa supu. Mfupa uliochemka usiku kucha unakuwa laini kama chaki. Nilimwomba muuza nyama anipe sehemu ya katikati, iliyonyooka na nene. Nikakwangua nyama na uboho wote, nikauloweka kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni ya vyombo, nabadilisha maji mpaka yakaacha kutoa mafuta, kisha nikauanika kivulini hadi ukakauka kabisa. Jirani akaniazima jiriwa na msumeno wa chuma. Vumbi la mfupa si la kuvuta, kwa hiyo funga kitambaa puani na fanyia kazi nje. Nikakata kipande kirefu kidogo kuliko kile cha zamani, nikakipunguza kwa tupa hadi unene wa milimita 3 hivi, nikawa nakijaribu kwenye mfereji kila baada ya kukwangua kidogo. Kinatakiwa kisimame chenyewe bila kuyumba, na ukikivuta kwa vidole kichomoke. Kikicheza, sauti inapotea. Mgongo wake niliuchora kwa kufuata mgongo wa kile cha zamani, kimo kilekile kwanza.

Halafu zikaja hesabu za kadi. Freti ya 12 iko katikati ya urefu wa uzi, kwa hiyo ukipunguza kijiti milimita 2, pale freti ya 12 uzi unashuka milimita 1 tu. Kadi moja ishuke, kadi mbili zisagwe. Nililaza kadi mbili juu ya kioo cha meza, nikasimamisha kijiti kando yake, nikapitisha penseli iliyochongwa sana juu ya kadi kama reli. Mstari ukatokea chini ya kijiti, umenyooka kabisa, milimita moja na nusu hivi, bila kuhitaji kifaa cha fundi. Msasa nikaubandika kwenye kioo kwa soloteepu na kusaga kwa upande wa chini hadi kwenye mstari. Upande wa chini, narudia. Juu kuna ule mgongo wa mviringo, na ukisaga juu unauharibu. Kabla ya kufika mstarini nikapunguza mwendo, nikafunga nyuzi, nikapima, nikarudi kwenye msasa kidogo, maana mfupa ukishasagwa haurudi.

Kadi tatu zikapita, ya nne ikagoma. Sauti iliyotoka, hasa nyuzi mbili nyembamba zilizokuwa zimekufa juu ya ule ufa, ilimfanya mume wangu atoke chumbani kuuliza nimeleta gitaa gani jingine.

Nyuzi nilinunua seti nyembamba ya 11, elfu ishirini na kitu. Hapo usibane. Nyuzi bandia zenye jina kubwa kwenye pakiti zinakataa kushika tyuni, utadhani gitaa ndilo bovu.

Jambo jingine linalowafanya watu watupe hela ni kuidharau plaiwudi. Ubao wa mbele wa F310 ni wa tabaka. Kujua, angalia ukingo wa tundu la sauti: mistari ya mbao ikiendelea kushuka kwenye ukingo ni mbao moja, ukiona tabaka ni plaiwudi. Mbao moja, kama ya Yamaha FG800, inalia kwa utajiri zaidi, sibishi. Lakini magitaa yanapenda unyevu wa asilimia 45 hadi 55, na Dar inazidi hapo karibu mwaka mzima. Mbao moja inavimba, tumbo linapanda na nyuzi nazo. Ukilipeleka Dodoma kiangazi, mbao ileile inasinyaa na inaweza kupasuka. Tabaka linavumilia zaidi. Kwa kwaya inayosafiri kwa basi, huku gitaa likibebwa na kila mtu, mimi nachagua tabaka bila aibu, na hela iliyobaki nanunua begi lenye sponji nene.

Kwaya sasa imenituma nitafute besi. Wamenipa laki nne na wanataka iwepo kabla ya Pasaka. Nimewaomba wasubiri hadi mwezi wa 7.